Mwaka Niliokataa Mkate

Tulimzika Dada Nyambura mwanzoni mwa Aprili, udongo ukiwa umeanza tu kulegea, na baada ya mazishi tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa pale Brooklyn Center, Minnesota, kula. Waliopika walikuwa wamejitahidi: wali, sukuma, nyama ya mbuzi, viazi, na rundo la chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Niliketi meza moja na wauguzi wenzake wa zamani, nikawasikia wakinong'ona kwamba chapati za leo ni ngumu, na kwamba mwenyewe angekuwepo angezirudisha jikoni. Mmoja akasema labda ndiyo maana ameamua kuondoka, asizione. Tulicheka mpaka mchungaji akageuka kututazama. Mimi nilikula nne. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, mama wa watoto wawili wanaoelewa Kiswahili changu na kunijibu Kiingereza, nilikula chapati ngumu nne huku nikilia, na sikuona haya. Watu walidhani nalia kwa sababu alikuwa kama dada yangu, na kweli alikuwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine, aliloniambia wiki tano kabla hajafariki, na kwa ajili ya jambo hilo nimekuwa nikiurudia kichwani mwaka mmoja wa ujana wangu, ule wa tisini na sita kuingia tisini na saba, nilioishi nyumbani kwake. Mwaka ule alinipa ushauri, nami nikaufuata, na ushauri ule ndio ulioamua mimi niwe nani.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili na sanduku moja, na hayo yanatosha kuhusu nilikotoka. Yeye alikuwa amepita arobaini, muuguzi, mtu wa Kiambu, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini ambao aliuficha kama watu wanavyoficha sukari kwenye nyumba yenye watoto. Fleti yake ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili, zulia la kahawia, dirisha likitazama magari yaliyofunikwa na theluji. Bomba la joto liligonga ukutani asubuhi yote. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ya kukunja na mifuko ya unga wa ngano, maana kila Jumamosi Dada Nyambura alipika chapati za kuwapelekea watu wa kanisani, wagonjwa, waliojifungua, waliofiwa, na wengine ambao hawakuwa na shida yoyote ila walizipenda. Kwenye dari ya jikoni kulikuwa na king'ora cha moshi kilichopiga kelele kila kikaango kilipopata moto, kwa hiyo alikivalisha kofia ya plastiki ya kuogea, nayo ikakaa pale mwaka mzima. Mimi nilikanda, yeye akasukuma na kuchoma. Tulizungumza Viswahili viwili tofauti. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia rafiki yake kwenye simu, "Nimepata msichana wa Tanzania, anaongea ni kama anasoma news." Siku nyingine nikamsikia akisema kwamba nikimaliza mwaka huu ataniingiza kwenye nursing, tutakuwa tunaenda kazini na gari moja, na kwamba tangu nije amelala usingizi. Nilijifunika blanketi nikitabasamu. Sikujua kwamba mtu mwenye zamu mbili, kanisa na simu isiyonyamaza anaweza kuwa mpweke.

Chuoni nilikuwa nikichukua kemia na baiolojia kama wengine wote waliotumwa kusomea kitu cha maana. Somo la historia ya kale nililichagua kwa sababu ya basi. Maabara yangu iliisha saa sita, basi la kunirudisha Brooklyn Center lilipita saa tisa na dakika kumi, na katikati hapo kulikuwa na darasa moja tu lenye joto na nafasi. Tulikuwa wanafunzi saba. Mwalimu alikuwa Profesa Edith, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi kabisa, sweta moja ya kijani, na tabia ya kuongea na vitu vya kale zaidi kuliko na watu. Alitutaka tumwite Edith tu. Mimi sikuweza, ulimi uligoma. Wiki ya pili alituletea udongo wa mfinyanzi na vijiti, akatufundisha kuandika walivyoandika watu wa Mesopotamia, kwa kukandamiza ncha ya kijiti kwenye udongo mbichi. Wenzangu walibonyeza wakatoboa. Mimi nilijua udongo ukiwa tayari, jinsi unavyosukumwa na unavyoachwa upumzike, na alama zangu zikatoka safi. Aliuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni chapati. Alicheka mpaka akavua miwani, na kuanzia siku hiyo nikawa nabaki darasani baada ya wenzangu kuondoka, na basi la saa tisa likawa basi la saa kumi na moja.

Sijui niseme nini kuhusu furaha ile ili niaminike. Nilikuwa msichana wa kawaida tu, mvivu wa kemia, na ghafla nikajikuta naota alama. Alama ya kinywa. Alama ya mkate, ambayo ni bakuli. Ukiichukua ile ya mkate ukaiweka ndani ya ile ya kinywa, umeandika kula. Ukiweka maji, umeandika kunywa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilitaka kumkumbatia mtu. Profesa Edith alisema vibao vingi vya udongo vya watu wale vilipona kwa sababu miji yao iliungua, na moto unaoteketeza karatasi unaukomaza udongo, na kwamba kama kuna watu waliowahi kukaribia kutokufa basi ni makarani wale waliotia alama zao na kwenda nyumbani kula. Muhula ule wote tulisoma habari za watu waliotaka wasife. Tulimsoma mfalme aliyefiwa na rafiki, akatembea hadi mwisho wa dunia kutafuta dawa ya kifo, akalipata jani lenyewe na nyoka akamwibia wakati anaoga. Darasa zima lilimpenda mfalme yule. Kevin, kijana mwenye ndevu nyekundu aliyetoka Anoka kila asubuhi kwa gari bovu, alisema ni kosa la kawaida kabisa, hata yeye asingeingia na jani majini.

Mwezi wa Desemba Profesa Edith alitualika wote saba nyumbani kwake Saint Paul. Nilipomwambia Dada Nyambura, aliacha kusukuma chapati, akafuta mikono, akakaa kwenye kiti. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amemtunza bibi mmoja nyumbani kwa familia moja, na miaka miwili yote alikula mezani pamoja nao. Walimwambia yeye ni mtu wa nyumbani. Walimwekea kiti chake. Bibi alipofariki, Dada Nyambura alikuwa kwenye mapumziko ya siku tatu, na aliporudi Jumatatu alikuta wameshamzika, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Hawakuwa watu wabaya, alisema. Walimsahau tu. Alikisimulia kisa hicho bila kulia, akikikwangua kibao cha chapati kwa kisu. Kisha akaninyooshea kidole chenye unga.

"Sikiza, Tunu. Enda, usikatae kuenda. Huko ni baridi, akikupa coat, vaa. Hiyo mikono yako imepasuka, akikupa mafuta, jipake, sema thank you. Lakini chakula chake usiguse. Wala kahawa. Ukikula kwa meza yao utaanza kufikiri wewe ni wa hiyo nyumba."

Niliahidi. Nilimpenda, na aliyenipa ahadi ile kuibeba alikuwa ameumizwa, na sikuona ugumu wa ahadi yenyewe. Siku ilipofika, nilikuwa bado sijaingia kwenye nyumba ile nikasikia harufu ya mkate. Profesa Edith alikuwa jikoni, amevaa aproni juu ya sweta ya kijani, akipika mkate wa watu wake wa Norwei uitwao lefse, mkate mwembamba wa viazi unaosukumwa kwa mti na kuchomwa juu ya chuma cha mviringo mpaka unatoa mabaka ya kahawia. Aliupaka siagi na sukari, akaukunja, akaninyooshea. Ilikuwa chapati, jamani. Ilikuwa chapati iliyozaliwa kwenye theluji. Nikasema asante, nimeshiba. Akaniuliza tena baada ya muda, nikasema hapana, niko sawa. Alipouliza mara ya tatu nikaweka mkono kifuani nikakataa kwa heshima zote, na yeye akainamisha kichwa, akaupeleka mkate kwa Kevin, ambaye alikuwa anakula wa tano. Nilipoondoka aliiona jaketi yangu nyembamba, akafungua kabati, akanivisha koti zito la sufu lililokuwa la mama yake. Akaishika mikono yangu, akaiona ilivyochanika kwa baridi, akaleta kopo la mafuta akanipaka mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mlangoni pale. Nilirudi nyumbani nimevaa na nimepakwa na njaa inaniuma. Dada Nyambura aliligeuza koti ndani nje, akakagua mshono, akasema ni coat mzuri sana, huyo mama ana roho. Kisha akanipakulia.

Mwezi wa Februari ndipo Profesa Edith alipotugawia kisa cha kuhani wa mji wa kale wa Eridu. Wengi hawakijui, kimefunikwa na kile cha mfalme. Ni kisa kifupi. Kuhani huyu alimhudumia mungu wa mji wake, mungu wa maji matamu na wa maarifa: alimwokea mkate, alimtandikia meza, alimletea samaki. Siku moja upepo wa kusini ulimpindulia chombo majini, naye kwa hasira akaulaani, na bawa la upepo likavunjika. Siku saba haukuvuma. Mkuu wa miungu, kule mbinguni, akauliza kulikoni, akaagiza aliyefanya hivyo apandishwe kwake. Kabla hajapanda, mungu wake alimkalisha chini akamwasa. Wakikupa vazi, livae. Wakikupa mafuta, jipake. Wakikupa mkate, huo ni wa mauti, usile, na maji usinywe. Kuhani akafuata kama alivyoambiwa. Lakini huko juu hasira zilikuwa zimekwisha kupoa, na alichowekewa mezani kilikuwa mkate wa uzima na maji ya uzima. Angekula, asingekufa. Hakula. Mkuu wa miungu akamtazama, akacheka, akaamuru arudishwe duniani.

Nilisoma mstari wa vazi na mstari wa mafuta, nikairudia yote miwili. Niliangalia koti la sufu lililoning'inia kwenye kiti changu. Wenzangu walikuwa wanabishana tayari, maana swali la Profesa Edith lilikuwa moja: mungu yule, mwenye maarifa yote, alikosea au alidanganya? Alisema wapo wataalamu wanaodhani alidanganya, kwa sababu kuhani akipata uzima wa milele huko juu, nani atamhudumia huku chini? Kevin akasema ni wazi, jamaa alitaka mkate wake. Darasa likacheka. Mimi, ambaye kwa kawaida sikuongea, nilisimama kabisa. Nilisema mtu anayekupenda anaweza kukosea, lakini hadanganyi. Nilisema alimwonya kwa yale aliyoyajua, na aliyoyajua yalikuwa ya zamani. Profesa Edith akasema hilo nalo linawezekana, niliandike. Niliandika kurasa tisa. Ndiyo karatasi bora niliyowahi kuandika maishani, na kila neno lake lilikuwa utetezi wa mwanamke wa Brooklyn Center ambaye mwalimu hakumfahamu.

Ungetegemea kwamba mtu aliyeandika kurasa tisa kuhusu mkate uliokataliwa angejifunza kula. Sikujifunza. Mwezi wa Aprili Profesa Edith aliniita peke yangu nyumbani kwake, siku ya Jumapili mchana. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu. Tulikaa kwenye meza yake ya njano, kahawa ikitoa mvuke, mkate umekatwa, na mimi nikasema nimeshiba kama nilivyozoea. Akaniambia kwamba ana rafiki katika chuo kimoja cha pwani ya mashariki, ambaye kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja wa kusoma vibao, miaka sita, kila kitu kimegharimiwa, na mwanafunzi huyo hutoka huko akiwa mtu wa kazi hiyo maisha yake yote. Rafiki yake alikuwa amemwomba jina.

"Ningependa kumpelekea lako," alisema.

Msomaji, nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mpaka nikaogopa kwamba inaonekana. Na kwa sababu nilitaka hivyo, nikafanya nilivyolelewa. Kwetu kitu kikubwa hukidaki kama mtoto mbele ya wageni. Unasema hapana, usijisumbue, mimi ni nani, na mwenyeji anakwambia acha maneno yako, anaijaza sahani, na hapo ndipo unashukuru. Hatuulizwi kwetu, tunapakuliwa. Nikasema, hapana Profesa, sitaki kukusumbua. Aliosha vikombe, akageuka akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema wako wanaostahili kuliko mimi. Mlangoni, akinishikia koti lile la mama yake niingize mikono, aliuliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika, asante sana. Akasema, basi sawa. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, nami nikadhani ni upepo. Niliondoka pale nikiwa nimefurahi mno. Kwenye basi nilikuwa nimekwisha kuhama, nimepanga vitabu, nimeandika barua ya kwanza kwa Dada Nyambura.

Miaka mingi baadaye, kazini hospitalini Maplewood, muuguzi mmoja mzaliwa wa hapa alinieleza kwamba watu wa Minnesota nao hukataa kwa adabu. Unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu unapokea. Ukikataa ya tatu, umekataa kweli, na mtu mstaarabu hakusumbui tena. Alinieleza huku akinisukumia sanduku la keki, akicheka. Mimi nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka wakaniita kwenye spika. Watu wa aina mbili waliolelewa vizuri, kila mmoja na hesabu yake ya hapana.

Jumamosi iliyofuata Jumapili ile ya Aprili nilimweleza Dada Nyambura tukiwa jikoni, mikono yangu kwenye unga mpaka kwenye kifundo. Nilimweleza yote, chuo, miaka sita, pwani ya mashariki. Aliendelea kusukuma. Aliuliza kama ni mbali, nikasema ni mbali, siku mbili kwa basi. Aliuliza huko watu wanavaa nini. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na wewe mwenyewe unaitaka?" Nikasema naitaka sana, dada, naitaka mpaka silali. Akasema mm. Chapati iliyokuwa kwenye kikaango iliungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona likitokea kwake, naye akaitupa, akaniambia unga wa leo ni mbaya.

Nilisubiri. Wiki ya kwanza nilisubiri kwa furaha, ya pili kwa adabu. Kila Profesa Edith aliponipita kwenye korido nilimpa uso wa mtu aliye tayari, naye akanipa tabasamu la huzuni ambalo sikulielewa. Mwisho wa mwezi aliingia darasani akatangaza kwamba Kevin ndiye anayekwenda. Tulipiga makofi. Kevin akawa mwekundu mpaka kwenye masikio, akaja kunishika mkono, akasema alidhani ni mimi. Nami nilidhani ni mimi. Nilikaa kwenye kituo cha basi siku ile mabasi matatu yakapita, na nilipofika nyumbani Dada Nyambura alikuwa amepika pilau, siku ya katikati ya wiki, bila mgeni. Alinikumbatia kwa nguvu sana. Nililia kwenye bega lake nikimwambia ni mimi, ni huu mdomo wangu, ni adabu zangu za kijinga, na yeye alinipapasa mgongo akisema nyamaza, nyamaza, nyamaza. Mwaka uliofuata nilianza uuguzi. Tulikwenda kazini na gari moja kwa miaka saba, tukigombana kuhusu redio. Alisimama upande wangu nilipoolewa, akamshika mwanangu wa kwanza kabla ya baba yake, na nilipofiwa na mume alihamia kwangu miezi mitatu na kikaango chake. Profesa Edith alikufa siku nyingi. Kevin hunitumia kadi kila Krismasi, na mwisho wa kadi huchora alama ya mkate ndani ya alama ya kinywa, vibaya, bado anatoboa.

Na watu niliowahudumia. Nimeketi na wengi waliokuwa wanakwenda, na sijamwona hata mmoja aliyeulizia uzima wa milele. Wameulizia mbwa. Wameulizia kama binti ameshatua uwanjani. Kwa miaka hiyo yote nilimwonea kuhani wa Eridu huruma ya mtu anayejifahamu, na niliposimulia kisa chake kwa wanangu nilikisimulia kama kichekesho, mtu aliyekosa uzima wa milele kwa sababu ya kuwa mtiifu. Kuhusu nafsi yangu nilikuwa nimemaliza: nilikataa mara tatu, nikapewa nilichosema. Kuna amani katika kujua kosa ni lako.

Mwezi wa Februari mwaka huu nilikuwa nyumbani kwake asubuhi, namlisha uji. Alikuwa amerudishwa kutoka hospitali na hakuna aliyemdanganya kuhusu maana yake. Mashine ya hewa ilikuwa inahema kando ya kitanda. Alikula vijiko vitatu, akageuza uso.

"Tunu. Ule mama wa Saint Paul alipiga simu."

Nilidhani ni dawa zinazomsemesha. Nikamuuliza mama yupi.

"Wa udongo. Ile mwaka. Ulikuwa shule. Akasema amekuuliza mara tatu na umekataa, lakini roho yake inakataa kuamini. Akasema hapendi kusumbua mtu, ndio anauliza mimi, kama family. Kama kweli hutaki."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hutaki."

Niliweka bakuli chini. Nilisikia mashine, nikasikia gari la theluji likikwangua barabara. Nikahesabu nyuma: ilikuwa baada ya Jumamosi ile, baada ya chapati kuungua. Nikamwambia ulijua, dada, nilikwambia jikoni kwamba silali. Akasema alijua. Nikamwambia nililia begani kwako nikijilaumu, na ukaniacha nijilaumu miaka karibu thelathini. Akasema hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa amechoka, alivuta hewa mara mbili kabla hajajibu, na alinitazama machoni.

"Yeye alikuwa anakutaka. Na mimi nilikuwa nakutaka. Na ni mimi nilishika simu."

Hakuniomba msamaha. Alisema akipigiwa leo angejibu hivyo hivyo. Nilisimama, nikaenda jikoni kwake, nikashika ukingo wa sinki, na hasira iliyonijia ilikuwa kubwa kuliko ile ninayoikumbuka ya ujanani, hasira ya mtu anayeiona nyumba yake nyingine, vitabu vyake, meza yake, miaka yake yote ambayo hakuna aliyeiishi. Nililia pale mpaka uji ukapoa. Kisha nikarudi, nikavaa koti, nikamwambia, "Nimekukasirikia sana, dada. Kesho nije saa ngapi?"

Akasema nije asubuhi. Nilikwenda kesho yake asubuhi, na keshokutwa, na kila asubuhi kwa wiki tano. Kila nilipoingia aliniuliza kutoka kitandani, "Bado?" nami nikasema bado, naye akafumba macho akitabasamu, maana aliona kwamba nimekuja hivyo hivyo na hasira zangu. Ukweli ni kwamba ziliisha kabla ya wiki ya pili. Siku moja nilikuwa namchana nywele, nikazitafuta, nikakuta hazipo. Sikumwambia. Asubuhi ya mwisho niliyomkuta na sauti aliuliza kwa shida, midomo tu ikisogea. Nikainama nikamwambia bado, dada, bado nimekasirika sana. Nilitaka awe na sababu ya kuningoja kesho.